Siku Nilipolikalia Bomba la Panda

Njaa iliingia nyumbani kwangu mwaka wa 1991, nikiwa na miaka arobaini na tatu, na aibu ninayotaka kuwaeleza iliingia miaka minne baadaye, mchana kweupe, mbele ya burugumesta (mkuu wa serikali ya mtaa), mchungaji, kwaya ya akina mama na Mzungu mmoja mwenye kofia, na mpaka leo kuna watu hapa Likasi ambao wakiniona napita wanashika matako na kucheka. Wacheke. Ninaandika mwenyewe ili angalau wacheke mambo yaliyotokea, maana kule sokoni wameshaongeza mengine ambayo hayakuwepo.

Mimi si mtu wa shule. Masomo yangu yaliishia darasa la tatu, upande wa Mulungwishi, na mpaka leo nasoma polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Lakini ukuta nausimamisha, na ukuta wangu hauna haja ya kuegemea mtu. Nilianza kwa kubeba matofali kichwani, nikashika mwiko, nikawa kapita, msimamizi wa waashi, katika kampuni ya shaba, na nyumba nyingi za kambi ya wafanyakazi hapa Panda, mtaa wetu wa Likasi, mkono wangu ulipita humo. Kisha kazi zikafa. Viwanda vikanyamaza kimoja kimoja, mshahara ukawa kitu cha kusimuliana, na katika miaka hiyohiyo mbaya majirani zetu wenye asili ya Kasai wakafukuzwa, wakapakiwa kwenye treni. Pamoja nao akaondoka rafiki yangu mzee Kabeya, fundi wa mabomba, mtu aliyejua kila bomba na kila vani ya kufungia maji chini ya ardhi ya Panda. Kabeya hakuwa na ramani, ramani ilikuwa kichwani mwake, kwa hiyo alipopanda treni maji yote ya Panda yalipanda naye (nilimsindikiza mpaka stesheni, lakini hayo ni machungu mengine).

Waashi wangu wakawa wachoma makaa na waosha mawe ya malakiti, yale ya kijani yenye shaba. Basi ikaja habari kwamba kuna watu wa msaada kutoka Ulaya wanataka kujengea Panda nyumba ya kuzalia, materniti, na burugumesta akaniita mimi. Akaniambia wazi: wageni watakuja siku ya jiwe la kwanza, wataangalia namna tunavyofanya kazi, wakiridhika kazi yote ni ya kikosi changu, na nyuma ya hii kuna majengo mengine. Wasiporidhika, kuna kampuni ya Lubumbashi inangoja, yenye lori na kila kitu. Nyumbani kwangu tulikuwa tunakula bukari, ugali wetu, mara moja kwa siku, na waashi wangu vilevile. Mnaelewa nilikuwa nashika nini mkononi.

Aliyetumwa kusimamia kazi alikuwa injenia, tena mwanamke, tena mtoto wa Panda hapahapa, Alfonsina, binti wa dereva mmoja wa lori. Alipokuwa mdogo nilikuwa namfukuza juu ya lundo la mchanga wangu, akaenda kusoma Ubelgiji, akarudi na sanduku lenye kioo kama televisheni. Akaliweka mezani katika ofisi ya burugumesta pale komini, akaniketisha mbele yake, burugumesta akasimama nyuma yangu. Na humo ndani, ndugu zangu, materniti ilikuwa imeshajengwa! Ina paa, ina milango, ina veranda ya akina mama kungojea. Alfonsina akasogeza kile kipanya chake, nyumba ikazunguka kama keki juu ya sahani, akaondoa paa tukaona vyumba, akairudisha.

"Papa Mwape," akasema, "kuanzia sasa nyumba za serikali tutazijenga kwanza humu. Tukikosea, tukosee humu. Simenti ya watu haina kufuta."

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyezaliwa katikati ya mashini. Akaizungusha tena, akasema hii ni nini na ile ni nini, nami macho yalikuwa yanakimbia nyuma ya ile nyumba kama mtu anayekimbiza kuku, na katikati ya kuzunguka umeme ukakatika (Likasi ya wakati ule, umeme ulikuwa mgeni, unakuja kusalimia). Kioo kikawa cheusi.

"Papa, mumeona muzuri?"

"Nimeona."

"Na mbele iko wapi, mumeshika? Kama hapana, niwachoree ku karatasi, ni dakika kidogo."

Hapo ndipo nilipojiuza. Ningesema "chora, mwanangu," hadithi ingeishia hapo, mngekwenda kulala. Lakini burugumesta alikuwa nyuma yangu, nasikia pumzi yake shingoni.

"Mutoto wangu," nikasema, "minye nilikuwa nasimamisha manyumba wakati weye ulikuwa nakojoa ku muchanga yangu. Utanichorea nini?"

Burugumesta akacheka mpaka akakohoa. Alfonsina naye akacheka, kwa heshima, akafunga sanduku, na kesho yake akaenda Lubumbashi kuwangoja wageni.

Sasa niwaeleze jinsi waashi wa zamani tunavyosoma ramani, maana ndipo shimo lilipokuwa. Sisi tuliofundishwa na wazee wa kampuni, ramani inalazwa mezani, na sheria ni moja: barabara iko upande wa tumbo lako. Ukuta ulio karibu na tumbo ndio mbele ya nyumba. Kapita anakuwekea hivyo, nawe huulizi. Mimi picha ya mwisho niliyoishika, ile iliyokufa na umeme, karibu na tumbo langu kulikuwa na ukuta wenye madirisha madogo ya juu, na veranda ilikuwa kule mbali. Nikahesabu kichwani: ukuta wa madirisha madogo, barabarani, veranda, nyuma. Nikashangaa kidogo kwamba materniti inaipa barabara mgongo. Kisha nikajijibu mwenyewe (mtu mwenye kiburi hakosi jibu): ni akili ya Wazungu hiyo, hawataki wapita njia wawaone akina mama wakiwa na uchungu. Nikaona hata ni jambo zuri.

Tukapiga kamba, tukamwaga majivu juu ya kamba, nyumba nzima ikalala chini kwa ukubwa wake. Na kwetu, majivu yakishamwagwa, mwenye nyumba anakuja "kuingia", anapita ndani ya mistari, anafungua mlango usiokuwepo, anakaa sebuleni penye upepo, anasema kama anapenda. Kwa materniti mwenye nyumba ni mkunga, kwa hiyo akaja Mama Odeta, mwanamke mnene, mpole, ambaye nusu ya Panda ilipita mikononi mwake. Akatembea ndani ya majivu, akasimama, akazunguka mzima.

"Baba Kapita, mulango iko wapi?"

"Hapo nyuma, Mama. Kupitia veranda."

"Nyuma? Muntu anakuya na uchungu, banamubeba ku baiskeli, bazunguke nyumba yote kwanza? Mutoto atazaliwa ku kona."

Waashi wakacheka. Nami nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyekaa na Wazungu meza moja: "Mama, haiko minye. Ni mashini njo ilisema."

Akaniangalia, akasema, "Kumbe mashini haijazalaka," akaenda zake. Shemeki yangu Bwalya, kaka wa mke wangu na mwashi wa kwanza katika kikosi changu, akaninong'oneza, "Tumungojee injenia?" Nikamwambia achimbe.

Tukachimba mitaro yote isipokuwa kona moja. Hiyo tunaiita kona ya mkubwa: inaachwa ili mkubwa aje apige sururu ya kwanza mbele ya watu, picha ipigwe. Mwashi mwenye adabu huchagua kona laini, maana mkubwa hapaswi kutoka jasho. Mimi nilichagua kona ya chumba cha kufulia, kilichochomoza kuelekea nyuma kama kidole, kwa sababu udongo wake ulikuwa mweusi, baridi na laini, katikati ya kiangazi ambapo Panda nzima ardhi ni ngumu kama kichwa cha askari. Nikausifu. Nikasema ardhi hii imebarikiwa. (Udongo wenye unyevu mwezi wa nane! Mwashi wa miaka mingi! Nipigeni.)

Siku yenyewe ikafika. Nilivaa koti langu la arusi, la kijivu. Tulitandika turubai juu ya miti, tukapanga viti, na mitaro tukaifunika kwa majani ili akina mama wa kwaya wasitumbukie. Wageni walichelewa njiani, wakashuka garini na vumbi, wakaingizwa moja kwa moja chini ya turubai: Mzungu mwenye kofia, Alfonsina na sanduku lake, na nyuma yao bwana mmoja mwenye tai nyekundu, bosi wa ile kampuni ya Lubumbashi, ambaye sikujua nani alimwalika. Akanisalimia vizuri sana. Mtu anayekusalimia vizuri hivyo ameshapima shimo lako.

Jenereta ya baa ya jirani ikawashwa, kioo kikawaka, watu wakasukumana. Alfonsina akaonyesha nyumba, watu wakasema "Yeee!" Akaizungusha, na safari hii nikaona barabara: alikuwa ameichora, mstari wa kijivu na hata miti yake, na barabara ile ilipita mbele ya veranda.

Veranda yangu mimi ilikuwa nyuma.

"Na sasa," akasema, "nitawaonyesha kile macho hayaoni, kile kiko chini ya udongo. Nilitafuta ramani za zamani, nikaziweka humu zote." Akagusa kipanya. Ukatokea mstari wa buluu, mnene, nyuma ya materniti. "Hili ni bomba la kambi, moja tu ambalo lingali linatoa maji Panda. Ni la zamani, limeoza. Likipasuka leo, hakuna anayejua vani yake iko wapi, ila hii mashini. Lakini musiogope. Nimepanga nyumba ili nyuma kusiwe na mtaro hata mmoja karibu nalo. Chumba cha kufulia nimekipeleka upande wa barabara."

Upande wa barabara. Nami kidole changu kilikuwa kinaelekea nyuma. Niligeuza kichwa taratibu, nikaiangalia kona ya mkubwa, imepambwa kwa maua, sururu mpya imelazwa juu ya kitambaa cheupe, na ule udongo mweusi, mbichi. Bomba lilikuwa hapo, hata shahada haikuhitajika.

Nilikuwa na mdomo, ningeweza kusema. Lakini waashi wangu walikuwa wamepanga mstari, wamefua mashati, Bwalya ameweka hata mafuta kichwani, na bosi wa tai alikuwa ananiangalia mimi, si kioo. Nikajiambia: nunua wakati, Mwape, utapata akili. Nikamwendea mchungaji, nikamnong'oneza kwamba kiwanja hiki hakijaombewa vya kutosha. Mchungaji wetu hahitaji kusukumwa. Aliomba mpaka Mzungu akabadilisha mguu wa kusimamia, aliwafukuza mapepo wa mashariki na wa magharibi, na mimi macho yamefumba lakini akili iko chini ya ardhi. Akili haikuja. Nikawaomba kwaya wimbo, wakaimba, nikaomba mwingine, kiongozi wao akaniambia, "Baba Kapita, jua inaunguza, uimbe weye." Burugumesta akasimama, akavua saa, akaelekea konani.

Nikamkimbilia. "Mukubwa, tuhame ku kona ingine."

"Juu ya nini?" akauliza sababu. "Hii iko na maua."

"Hii… haiko muzuri."

"Weye mwenyewe ulichagua!" Akashika sururu. Mpiga picha akapiga goti. Sururu ikapanda, naona ile ncha yake inang'aa juu ya kofia ya Mzungu, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe, ukatoa uongo badala ya ukweli, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu:

"NYOKA! Nyoka iko humo!"

Burugumesta alitupa sururu na kuruka kama mtu wa miaka kumi na minane. Kwaya ilitawanyika, viti vilianguka, mama mmoja alipanda juu ya jenereta. Nami kwa sekunde moja nilifurahi, naapa, nilisema moyoni: umeponea, mwana wa mama yako. Nilikuwa nimesahau kitu kimoja. Shemeki yangu Bwalya haogopi nyoka. Alikulia porini, nyoka kwake ni mboga, tena alitaka Mzungu aone kwamba kikosi cha Mwape kina wanaume. Alitua mtaroni, kando ya ile kona, akaiokota ile sururu mpya.

"Bwalya, acha! Haiko nyoka!"

"Namuona, shemeki! Iko nyeusi!"

Sururu iliyotupwa ilikuwa imemomonyoa ule udongo laini, na alichoona ni mgongo wa bomba. Akaupiga kwa nguvu zote alizokuwa amebaki nazo kwa bukari ile ya mara moja.

Kwanza ilikuwa sauti, kama ng'ombe anayepumua. Kisha maji yakasimama, marefu kuliko turubai, mekundu ya kutu, yakaanguka juu ya burugumesta, juu ya mchungaji, juu ya kofia. Nilimwona Alfonsina anavua kitambaa chake cha kichwa na kulifunika nacho lile sanduku, kisha analilalia kwa kifua kama mtoto mchanga. Na mimi nilifikiri jambo moja tu: hayo ni maji ya kambi nzima, yakiisha hapa, kesho watu watakwenda kuchota mtoni, na mtoni kulikuwa na kipindupindu. Nikaruka mtaroni na koti langu la arusi. Nilijaribu mikono, maji yakanipiga machoni. Basi nikageuka, nikalikalia tundu.

Likaziba. Si lote, lakini likaziba. Na hapo, ndugu zangu, kelele ikakoma. Watu wakarudi mmoja mmoja, wakazunguka shimo, wakaniangalia chini: mzee wa koti, amekaa kwenye matope mpaka tumboni, uso umekunjana, maji yanamtokea kwenye mikono ya koti. Sikuweza kuinuka. Nikiinuka kidogo, yalipiga filimbi. Wa kwanza kucheka alikuwa bosi wa tai.

Alfonsina akaja ukingoni, amelowa. Aliinua majani ya mitaro, akatembea, akatazama, akarudi. Hakukasirika, na ningependa angekasirika.

"Papa, veranda muliweka nyuma."

"Ee."

"Juu ya nini?"

Mzungu alikuwa anasikiliza, mtu anamtafsiria. Kikosi changu kinasikiliza. Mama Odeta amesimama mikono kiunoni. Ningeweza kusema tena kwamba mashini ndiyo ilisema, na nilikiona kile kisingizio kimekaa tayari ulimini kama mate. Lakini nilimwona Bwalya ananiangalia, sururu mkononi, bado anatafuta nyoka, na wote wakiulizwa nani alipasua bomba la Panda, jina litakalotajwa lilikuwa lake.

"Niliweka barabara ku tumbo yangu," nikasema kwa sauti. "Ku mashini sikuonaka kintu. Nilisema nimeona. Na nyoka haikuwako. Bwalya hana kosa, minye njo nilimutuma."

Hapo Mama Odeta akasema, "Basi leo njo umezaa, Baba," na Panda yote ikapasuka kwa kicheko.

Alfonsina hakucheka. Alikimbilia sanduku, jenereta inakohoa, mafuta yanaisha, akaitafuta vani humo ndani, na watu wakampitishia habari mpaka shimoni: bado anatafuta… ameona… ni chini ya meza ya mama muuza makaa, karibu na ukuta wa kambi. Bwalya akakimbia. Wakati huo akina mama walikuwa wameshakuja na ndoo, beseni, mabidoni, na wakawa wananiomba, kwa heshima kabisa: "Baba Kapita, sogea kidogo, hii ijae." Nikawa nasogea. Nilikuwa nimekuwa robine, koki ya mtaa. Nilisogea na kukaa, nilisogea na kukaa, mpaka nikahisi msukumo chini yangu umelegea, na Bwalya akarudi na mikono myeusi ya makaa, akasema imefungwa.

Nilisaidiwa kutoka. Mzungu aliniambia kitu, akatafsiriwa: aliuliza kama nimeumia. Ndilo neno la mwisho nililopata kwake.

Kazi ilipewa kampuni ya Lubumbashi. Alfonsina alipigana mpaka wakakubali kuwachukua waashi wa Panda, nami nikiwemo, chini ya kapita wao, kijana aliyekuwa ananiita "le vieux", yaani mzee, na kunipa ukuta wa nyuma, ule wa madirisha madogo. Niliujenga. Kila asubuhi kabla ya kushika mwiko nilikwenda komini, nikasimama mbele ya kioo, nikamwambia Alfonsina, "Zungusha." Akizungusha namwambia, "Sijaona. Zungusha tena." Wenzangu walinicheka, na walipoona kapita mwenyewe anakuja kuniuliza mlango wa pili uko wapi, wakaacha, wakaja kusimama nyuma yangu. Materniti ikasimama, veranda barabarani, na wajukuu zangu wote walizaliwa humo.

Neno "nimeona" sijalisema tena mbele ya ramani, wala mbele ya daktari, wala mbele ya mtu yeyote mwenye kalamu. Nasema: nionyeshe tena. Wanachoka wao, sichoki mimi.

Leo, nikiandika haya, nina nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Panda, mlango unaangalia barabara. Nina miiko mitatu, kamba, timazi na pima-maji. Nina toroli moja, gurudumu lake si la asili. Nina mbuzi wanne na kuku ambao hawahesabiki kwa sababu ya majirani. Nina shemeki ambaye mpaka leo anaapa kwamba nyoka alikuwepo. Na nina koti la kijivu la arusi, limefuliwa kwa kila sabuni iliyopita Likasi, na nyuma, pale mnapopajua, lina doa la kutu la mviringo, ukubwa wa tundu la sururu.